Kukatwa mguu au kuokoa mguu: ulinganisho kwa familia iliyoambiwa kijana wao ana saratani ya mfupa

Baba mmoja kutoka Ukerewe aliketi nami kwenye benchi nje ya wodi ya mifupa, hapa Mwanza, akiwa amepakata bahasha ya kaki yenye picha za eksirei za binti yake. Bahasha hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni ili isilowe melini. Hakuifungua. Aliniuliza, "Sista, nikikubali wamkate mguu, atapona?" Nilipokuwa bado natafuta maneno, akaongeza kwa sauti ya chini, "Na wakisema wanaweza kuuacha, si ugonjwa utabaki humo humo ndani?"

Maswali hayo mawili nimeyasikia kwa miaka mingi kutoka kwa wazazi wa Sengerema, Geita, Magu, Musoma na Bukoba. Ndani yake zimejificha dhana mbili ambazo zimewapotosha wengi: kwamba mguu ukikatwa saratani imekwisha, na kwamba mguu ukiokolewa, yaani sehemu ya mfupa yenye uvimbe ikiondolewa na kwa kawaida kuwekwa chuma mahali pake, maisha yamewekwa rehani. Dhana zote mbili zina kasoro. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu kwa ajili ya familia inayotakiwa kuamua ndani ya siku chache, huku ndugu wa mbali wakipiga simu kila saa na kila mmoja akiwa na ushauri wake.

Ninayoyasema yanahusu hasa osteosakoma, saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe na ambayo huwapata zaidi vijana walio katika miaka ya kukua kwa kasi, yaani kati ya miaka 10 na 20. Zaidi ya nusu ya uvimbe huu huota karibu na goti, ama mwisho wa chini wa mfupa wa paja, ama sehemu ya juu ya mfupa wa muundi. Kijana huanza kulalamika maumivu yanayozidi usiku, watu wakadhani ameumia mpirani, akakandwa kwa maji ya moto, akachuliwa, wakati mwingine akachanjwa chale au akafungwa hogo, na miezi ikapita. Anapofika hospitali kubwa, goti limevimba na kung'aa, na mishipa ya damu inaonekana juu ya ngozi.

Kabla ya kulinganisha chochote, lazima kuwe na jibu la kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa na kupimwa maabara. Uvimbe karibu na goti unaweza kuwa kifua kikuu cha mfupa, usaha wa muda mrefu ndani ya mfupa, au uvimbe wa seli kubwa ambao kwa kawaida si saratani ingawa hupenda kujirudia mahali pale pale. Kila mmoja una tiba yake. Hata saratani za mfupa zenyewe hazifanani: kondrosakoma, inayotokana na gegedu na kuwapata zaidi watu wazima, hutegemea upasuaji karibu peke yake kwa sababu aina zake nyingi hazisikii dawa, ilhali sakoma ya Ewing husikia dawa na mionzi pia. Osteosakoma husikia dawa, lakini mionzi huisumbua kidogo tu, na hili nalisema wazi kwa sababu familia nyingi huuliza kama haiwezekani "kuchomwa mionzi tu" na kuachana na kisu. Kwa ugonjwa huu, mionzi peke yake si njia ya tatu ya kuchagua. Hutumika pale ambapo upasuaji hauwezekani au kwa ajili ya kupunguza maumivu.

Kinyama hicho kichukuliwe na daktari atakayefanya upasuaji mkubwa, au kwa makubaliano naye. Njia ambayo sindano au kisu kilipita huhesabiwa kuwa imechafuliwa na seli za saratani, hivyo siku ya upasuaji lazima iondolewe pamoja na uvimbe. Nilimpokea kijana mmoja ambaye goti lake lilikuwa limepasuliwa kwa mkato mrefu wa kukingama, mahali ambapo sitapataja, kwa kudhaniwa kuwa ni jipu. Hakukuwa na usaha. Kulikuwa na saratani, na mkato ule ulikuwa umeisambaza katika nyama zote za mbele ya goti. Kijana huyo alikuwa na nafasi ya kubaki na mguu wake, akaipoteza kwa mkato wa dakika kumi. Namkumbuka kila ninapoona familia inayotaka "wapasue tu haraka".

Kuhusu kupona

Tuanze na takwimu ambayo naamini kila mzazi anastahili kuisikia mapema. Kabla ya miaka ya 1970, tiba ya osteosakoma ilikuwa kukata mguu na kungoja. Walikatwa juu kabisa, jeraha likapona vizuri, na bado takriban wanne kati ya watano walifariki, wengi wao kwa saratani iliyotokea kwenye mapafu miezi michache baadaye. Sababu yake ilieleweka polepole: katika wagonjwa wengi, siku uvimbe unapogundulika, chembe ndogo zisizoonekana kwenye picha zimekwisha kusafiri kwa njia ya damu hadi mapafuni. Msumeno wa daktari hauzifikii chembe hizo. Dawa zinazopita kwenye damu ndizo zinazozifikia.

Jambo hilo lilithibitishwa Marekani katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, ambapo wagonjwa 36 waliokwisha kufanyiwa upasuaji waligawanywa kwa kura: kundi moja likapewa dawa, jingine likaangaliwa tu. Baada ya miaka miwili, walioishi bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 66 katika kundi la dawa na asilimia 17 katika kundi la kuangaliwa. Hakuna aina ya upasuaji inayoweza kuziba pengo la namna hiyo. Leo, mgonjwa ambaye ugonjwa haujaonekana mapafuni siku ya kwanza, akapata upasuaji ulio kamili na dawa zote kwa wakati, ana nafasi ya takriban asilimia 60 hadi 70 ya kuwa hai baada ya miaka mitano. Aliyefika na uvimbe ambao tayari unaonekana mapafuni ana nafasi ya kati ya asilimia 20 na 30. Hizo ni hesabu za nchi ambako dawa hazikosekani dukani na mgonjwa hafiki akiwa amechelewa mwaka mzima. Kwetu zinatufundisha thamani ya kuwahi na thamani ya kumaliza dozi.

Wengi wamesikia habari za Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu wa kulia juu ya goti mwaka 1977 kwa sababu ya ugonjwa huu huu. Mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia kilomita 5,373 kwa siku 143 akichangisha fedha za utafiti wa saratani, mpaka alipolazimika kusimama kwa sababu ugonjwa ulikuwa umefika mapafuni. Alifariki Juni 1981, akiwa na miaka 22. Mguu wake ulikatwa na hata dawa za wakati huo alipewa. Namtaja ili mzazi asione kukatwa kwa mtoto wake kama malipo ambayo lazima yarudishe uhai. Mguu haununui maisha kwa namna hiyo.

Je, anayebaki na mguu hujiweka katika hatari zaidi? Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka huo huo wa 1986 na kufuatiliwa hadi mwaka 1994, ulikusanya wagonjwa 227 waliokuwa na osteosakoma kwenye mwisho wa chini wa mfupa wa paja. Ugonjwa ulijirudia pale pale mguuni kwa 8 kati ya 73 waliookolewa mguu, kwa 9 kati ya 115 waliokatwa juu ya goti, na haukujirudia pale kwa yeyote kati ya 39 waliokatwa kuanzia kwenye nyonga. Mtazame vizuri hesabu hiyo ya katikati: hata kwenye kigutu, saratani inaweza kurudi, kwa sababu wakati mwingine imetambaa ndani ya uboho juu zaidi ya pale msumeno ulipopita. Na katika kuishi, makundi yote matatu hayakutofautiana.

Kwa hiyo, katika swali la kupona, mizani imesimama sawa, lakini kwa sharti moja ambalo siwezi kulilegeza. Upasuaji wa kuokoa mguu hulingana na kukata pale tu ambapo uvimbe umeondolewa mzima mzima, ukiwa umezungukwa na nyama safi pande zote, bila kupasuliwa katikati na bila kubakizwa kipande. Saratani ikirudi pale pale mguuni, hali ya mgonjwa huwa mbaya sana, na mara nyingi huwa ni dalili kwamba na mapafuni imefika. Daktari akisema kwamba mshipa mkuu wa damu au wa fahamu umezingirwa na uvimbe, kwamba ngozi imepasuka na kutoa damu, au kwamba uvimbe umeendelea kukua wakati mgonjwa yuko kwenye dawa, basi kung'ang'ania mguu ni kung'ang'ania ugonjwa. Mfupa uliovunjika kwenye uvimbe zamani ulimaanisha kukata moja kwa moja. Siku hizi, kama dawa zimeukausha uvimbe na mfupa umetulia, baadhi ya wagonjwa hao pia huokolewa mguu.

Kuhusu dawa na muda

Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa zaidi kwa mazingira yetu, na nitakaa hapa kidogo.

Mpango wa kawaida ni dawa kwa takriban wiki kumi, kisha upasuaji, kisha dawa tena kwa miezi kadhaa. Dawa zenyewe ni doksorubisini, ile nyekundu ambayo watoto huiogopa kwa rangi yake, pamoja na sisiplatini. Na mahali penye maabara ya kupima kiwango cha dawa kwenye damu huongezwa methotreksati kwa kipimo kikubwa. Baada ya upasuaji, mfupa ulioondolewa hupelekwa maabara kuangalia ni kiasi gani cha saratani kimekufa. Ikiwa asilimia 90 au zaidi imekufa, ni habari njema sana kwa mgonjwa, awe amekatwa au ameokolewa mguu. Familia nyingi haziulizi jibu hili. Liulizeni, kwa sababu linasema zaidi kuhusu miaka ijayo kuliko urefu wa kovu.

Dawa za awamu ya pili hazipaswi kuchelewa. Lengo huwa ni kuanza ndani ya wiki tatu hivi baada ya upasuaji. Kigutu kilichoshonwa vizuri kwa kawaida hupona kwa wakati huo. Mguu uliowekewa chuma una jeraha refu, nyama zilizochubuliwa, na kitu kigeni ndani, katika mwili ambao kinga yake imeshushwa na dawa. Uambukizo ukiingia kwenye chuma, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji kuoshwa, dawa za saratani husimama, na zile chembe za mapafuni hupata nafasi ya kupumua. Hatari hii ni kubwa zaidi kwenye sehemu ya juu ya muundi kuliko kwenye paja, kwa kuwa mbele ya muundi hakuna nyama ya kukifunika chuma. Unaweza kuhakikisha mwenyewe kwa kupapasa goko lako. Wapasuaji huvuta msuli wa shavu la mguu na kuuleta mbele ili kuziba pengo hilo, na bado uambukizo hubaki kuwa tishio.

Kwa hiyo, kwa mgonjwa ambaye nyumba yake iko Kome au Ukara, ambaye akipata homa ya usiku hawezi kufika hospitali mpaka chombo cha asubuhi, kuokoa mguu kunadai jambo moja la lazima: apate pa kukaa mjini kwa muda wote wa dawa na kwa wiki za kwanza za jeraha. Binamu wa Nyakato, shangazi wa Buzuruga, chumba cha kupanga karibu na mlima wa Bugando, yote yanafaa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limewapunguzia adha watu wa Sengerema na Geita, lakini watu wa visiwani bado wanategemea chombo cha majini. Homa ya nyuzi 38 kwa mtu aliye kwenye dawa hizi ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, na hili linawahusu waliokatwa na waliookolewa kwa pamoja.

Kuhusu kuishi na mguu huo

Watu hudhani kwamba mguu uliookolewa ni mguu uliorudi kama zamani. Haurudi. Mgonjwa aliyewekewa chuma kwenye goti hutembea vizuri, hupanda daladala, huvaa suruali na hakuna anayejua. Lakini hatakiwi kukimbia, kuruka, kucheza mpira wala kubeba magunia, kwa sababu chuma hulegea au kuvunjika. Hawezi kuchuchumaa mpaka chini, hivyo choo cha shimo kitahitaji kiti, na anayesali kwa kupiga magoti atahitaji kukalia kiti. Chuma chenyewe hakidumu maisha yote: wagonjwa wengi huhitaji upasuaji mwingine ndani ya miaka kumi hadi kumi na tano, kwa kulegea, kuchakaa au uambukizo. Katika utafiti ule wa watu 227, waliookolewa mguu walifanyiwa upasuaji wa nyongeza mara nyingi zaidi. Walipata alama za juu kidogo katika utendaji wa mguu, ila katika kuikubali hali yao, kutembea na maumivu, hawakuwa mbele ya waliokatwa. Jambo hili lilinishangaza nilipolisoma, na baadaye nikaliona kwa macho yangu.

Niliyemwona ni binti wa Mabatini aliyekatwa juu ya goti. Nyumba yao iko kati ya mawe, na njia ya kufika ni ngazi zilizochongwa na nyingine zilizojengwa kwa saruji, hakuna mbili zenye kimo kimoja. Alipanda mbele yangu: mguu mzima kwanza, mkono kwenye jiwe, kisha akauinua wa bandia na kuuweka kando ya mwenzake. Kushuka akageuza mpangilio, bandia ikatangulia. Aliniambia kwamba fundi wa viungo bandia alimfundisha hivyo, na kwamba jioni anapofika juu huwa amechoka kuliko kaka yake aliyebeba ndoo ya maji. Ni kweli, aliyekatwa juu ya goti hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua. Lakini alikuwa anauza dagaa mwaloni Kirumba, amesimama kutwa, na hakuna daktari aliyemwekea orodha ya makatazo.

Mguu wa bandia nao una masharti yake. Ile ya plastiki ngumu ya polipropilini, inayotumika sana katika nchi zetu, haiharibiwi na maji kama ya mbao, ila wayo wake huchakaa kwa mchanga na unyevunyevu, na mvuvi anayeshuka majini kusukuma mtumbwi atahitaji kubadilisha wayo mara kwa mara. Mtu mzima hubadilishiwa mguu mzima kila baada ya miaka michache. Kigutu husinyaa katika miezi ya kwanza, hasa wakati wa dawa ambapo mwili hukonda, kwa hiyo mguu wa kwanza hulegea mapema. Msikate tamaa kwa hilo na kuutupa uvunguni. Nchi yetu ina bahati ya kuwa na chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1981, na wahitimu wake wako katika hospitali nyingi. Kuna pia maumivu ya mguu usiokuwepo: mgonjwa huhisi vidole vinawaka moto ilhali havipo. Si wazimu wala si uchawi. Yana dawa, na mara nyingi hupungua. Mwambieni mgonjwa kabla ya upasuaji, ili usiku yanapomjia asidhani amelogwa.

Mtoto anayekua

Kwa mtoto wa miaka tisa, hesabu hubadilika kabisa. Sehemu ya kukulia iliyo mwisho wa chini wa paja ndiyo inayorefusha mguu zaidi ya nyingine zote, takriban sentimita moja kila mwaka. Ikiondolewa pamoja na uvimbe, mvulana wa miaka tisa atakayekua hadi miaka kumi na sita atabaki na mguu mfupi kwa sentimita sita au saba. Vipo vyuma vinavyorefushwa kadiri mtoto anavyokua, lakini bei yake ni kubwa mno na vinahitaji kurudi hospitali mara nyingi. Kwa mtoto wa namna hii mimi husema bila kuzunguka kwamba kuwekewa chuma cha kawaida si chaguo zuri.

Ipo njia ya katikati ambayo wapasuaji wa Vienna walianza kuitumia kwa saratani hii katika miaka ya 1970. Huondolewa sehemu ya paja yenye uvimbe pamoja na goti, kisha sehemu ya chini ya mguu hugeuzwa nyuma mbele na kuunganishwa na paja lililobaki, hivi kwamba kifundo cha mguu hukaa mahali pa goti na kisigino hutazama mbele. Wayo uliogeuzwa huingia ndani ya mguu wa bandia na kuukunja kama goti. Mtoto hukimbia, hucheza, hana maumivu ya mguu usiokuwepo wala chuma cha kubadilishwa, na sehemu iliyobaki huendelea kukua. Ugumu wake uko machoni. Mzazi asikubali kabla ya kuona picha, na ikiwezekana kabla ya kumwona mtu aliyefanyiwa, kwa sababu mguu uliogeuzwa huwashtua watu wa nyumbani na wa shuleni. Niliowahi kuwaeleza, akina mama walikubali kuliko akina baba, nao watoto wenyewe walikubali kuliko wote wawili.

Ningeshauri nini

Kwa kijana aliyekwisha kukua, mwenye uvimbe mwishoni mwa paja, uliopungua kwa dawa na usiogusa mshipa mkuu, ambaye familia inaweza kumweka mjini na ambaye atafanyiwa upasuaji na timu iliyozoea kazi hiyo, ningechagua kuokoa mguu. Kwa mwenye uvimbe wa muundi na ngozi iliyokwisha kuharibika, au ambaye mkato usiofaa umekwisha kusambaza ugonjwa, ningechagua kukatwa, na mapema. Kwa mtoto chini ya miaka kumi, kukatwa au kugeuzwa mguu. Na kwa familia inayojijua kwamba baada ya upasuaji itarudi kijijini na haitaonekana tena hospitali, ningeomba kwanza tuongee kuhusu dawa na nauli, kabla ya kuongea kuhusu mguu.

Ulizeni bei mapema na kwa maandishi: je, bima inalipia chuma chenyewe au upasuaji tu? Je, upasuaji utafanyika hapa Mwanza, ama mtaandikiwa rufaa ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam? Kama chuma hakipatikani, je, timu inaweza kutumia mfupa wa mgonjwa mwenyewe, uliotibiwa kwa baridi kali au joto ili kuua saratani na kisha kurudishwa, au kuunganisha paja na muundi uwe mguu mmoja ulionyooka bila goti? Mguu ulionyooka ni kero kwenye kiti cha daladala, lakini ni imara na hauhitaji spea. Pitieni pia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla deni halijawa kubwa; wengi huenda huko siku ya kuruhusiwa, wakiwa wamekwisha kuuza ng'ombe.

Njia ninayoikataa ni ile isiyoandikwa kwenye fomu yoyote: kutoroka wodini usiku wa kuamkia upasuaji, kwenda kutafuta mganga atakayesema mguu utapona bila kisu. Wengi wa waliofanya hivyo niliwaona tena baada ya miezi minne au mitano, wakikohoa. Wakati huo hata kukatwa hakulengi tena kuponya, kunalenga kuondoa harufu na maumivu. Mgonjwa akiogopa, aseme anaogopa. Upasuaji unaweza kusogezwa siku mbili ili baba mkubwa afike kutoka Tarime na kikao cha ukoo kimalizike. Hakuna daktari mwenye utu atakayekataa hilo.

Njia yoyote mtakayoichagua, kalenda ya baadaye ni ile ile. Miaka miwili ya kwanza mgonjwa huonekana kila baada ya miezi mitatu, apigwe picha ya kifua na ya mguu au kigutu. Kuanzia mwaka wa tatu hadi wa tano kila baada ya miezi minne hadi sita. Kisha mara moja kwa mwaka. Ugonjwa unaorudi, mara nyingi hurudi katika miaka miwili au mitatu ya kwanza, na mara nyingi zaidi hurudi mapafuni. Hapo napo si mwisho wa habari: vivimbe vikiwa vichache na vikaondolewa vyote kwa upasuaji wa kifua, takriban theluthi moja ya wagonjwa hao huwa hai miaka mitano baadaye, lakini ni pale tu vinapoonekana vikiwa bado vidogo, na mapafu hayaumi kwa vivimbe vidogo. Mgonjwa anayengoja kikohozi ndipo aje amechelewa.

Yule baba wa Ukerewe alikubali binti yake akatwe, kwa kuwa mshipa ulikuwa umezingirwa. Kabla ya kusaini aliniomba karatasi, akaandika tarehe nane za kurudi katika miaka miwili ya kwanza, na kando ya kila tarehe akaandika nauli ya meli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Akajumlisha chini. Kisha akakunja karatasi hiyo, akaitia ndani ya bahasha ya kaki pamoja na picha, akafunga mifuko yote miwili, akaingia ndani kusaini.